Kwanza Uliza Umri: Uwiano wa Uzito na Urefu kwa Watoto wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Mkulima wa Ismani akitaka kujua kama mahindi ya jirani yake yanastawi, hatosheki kuyatazama tu. Swali lake la kwanza ni hili: "Yalipandwa lini?" Mmea unaofika magotini hupendeza ukiwa na majuma machache. Mmea wa kimo hicho hicho ni msiba endapo wenzake waliopandwa siku moja nao wanakaribia kutoa mbelewele. Majani yake yaweza kuwa ya kijani, na shina lake likalingana vizuri na kimo chake. Hata hivyo mkulima hadanganyiki, kwa kuwa anajua siku ya kupanda.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba mwalimu wa shule ya msingi anayewapima wanafunzi wake hana budi kuwa na busara ya mkulima huyo. Tutaeleza maana ya uwiano wa uzito na urefu, ambao katika vitabu vya afya huandikwa kwa herufi BMI. Tutaeleza pia makosa mawili ambayo wanachuo wetu, na sisi wakufunzi wao, tumeyafanya katika kuutumia, na mwisho tutapendekeza namna ya kufundisha somo hili darasani. Tumewaandikia hasa wanachuo watakaofanya mazoezi ya kufundisha katika Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya, Iringa na mikoa jirani, kwa sababu huku ndiko makosa hayo yanakoweza kumficha mtoto anayehitaji msaada.

Kipimo chenyewe

Uwiano huu hupatikana kwa kugawanya uzito wa mtu kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Mtu mzima mwenye kilo 64 na urefu wa mita 1.60 huhesabiwa hivi:

1.60 × 1.60 = 2.56
64 ÷ 2.56 = 25.0

Asili ya hesabu hii si hospitali. Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mtaalamu wa hesabu na elimu ya nyota, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1830 kwamba kwa watu wazima uzito huelekea kuongezeka kulingana na kipeo cha pili cha urefu. Jina linalotumika leo lilienea baada ya Ancel Keys wa Marekani na wenzake kuandika juu yake mwaka 1972. Kwa hiyo tangu mwanzo kipimo hiki kilikuwa cha kulinganisha watu wengi. Hakikukusudiwa kutoa hukumu juu ya mtu mmoja. Tena hakitofautishi mafuta na misuli, wala hakielezi mtu anakula nini.

Kwa watu wazima mipaka inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni rahisi kukumbuka: chini ya 18.5 ni wembamba uliozidi, kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni hali ya kawaida. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Wepesi huu wa kukumbuka ndio uliotuponza.

Kosa la kwanza: kumpima mtoto kwa mizani ya mtu mzima

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha, tulimkuta mwanachuo wetu mwenye bidii akifundisha somo la afya katika darasa la tano. Alikuwa ameazima mizani ya zahanati, akawapima watoto wote 41, akakokotoa uwiano wa kila mmoja na kubandika orodha ukutani. Watoto 37 waliandikiwa maneno "wembamba kupita kiasi". Msichana mmoja wa miaka 10, aliyepata 21, ndiye aliyesifiwa mbele ya wenzake kwa afya njema.

Watoto walichekana. Wawili hawakuja shuleni kesho yake. Mzazi mmoja alifika akiuliza kwa uchungu ni nani aliyemwambia mwalimu kwamba nyumbani kwake hakuna chakula. Mwanachuo alifadhaika, nasi tulifadhaika zaidi tulipokagua daftari lake, kwa maana jedwali alilolitumia lilikuwa lile la watu wazima tulilompa sisi wenyewe chuoni bila maelezo ya kutosha.

Mwili wa mtoto haukui kwa mwendo mmoja. Uwiano wa uzito na urefu hupanda katika miezi ya kwanza ya uhai, kisha hushuka polepole mtoto anapoanza kutembea na kurefuka, hata kufikia kima cha chini kwenye miaka mitano au sita hivi. Baada ya hapo hupanda tena mpaka utu uzima. Wakati wa kubalehe wasichana huongeza mafuta mwilini, nao wavulana huongeza misuli. Mambo yote mawili ni ya kawaida. Kwa hiyo namba moja yaweza kuwa njema kwa umri mmoja na ya kutia shaka kwa umri mwingine.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali ya ukuaji wa watoto wa miaka 5 hadi 19, ya wavulana mbali na ya wasichana mbali. Tunanukuu hapa sehemu ndogo tu, kwa watoto waliotimiza umri uliotajwa. Safu ya kwanza ya namba ni mpaka wa wembamba uliozidi, ya pili ni kima cha katikati, ya tatu ni mpaka wa uzito uliozidi, na ya nne ni mpaka wa unene uliokithiri.

Wavulana
Miaka 7: 13.1 – 15.5 – 17.0 – 19.0
Miaka 10: 13.7 – 16.4 – 18.5 – 21.4
Miaka 12: 14.5 – 17.5 – 19.9 – 23.6
Miaka 15: 16.0 – 19.8 – 22.7 – 27.0

Wasichana
Miaka 7: 12.7 – 15.4 – 17.3 – 19.8
Miaka 10: 13.5 – 16.6 – 19.0 – 22.6
Miaka 12: 14.4 – 18.0 – 20.8 – 25.0
Miaka 15: 15.9 – 20.2 – 23.5 – 28.2

Mwanachuo atazame kwa makini mstari wa mvulana wa miaka 10. Namba 18.5, ambayo kwa mtu mzima ni mpaka wa wembamba, kwa mtoto huyu ni mpaka wa uzito uliozidi! Hali kadhalika, yule msichana wa miaka 10 aliyesifiwa kwa kupata 21 alikuwa amevuka mpaka wa 19.0. Orodha yetu ya ukutani iliwatisha watoto wenye afya, ikamsifu yule aliyestahili ushauri wa faragha.

Kosa la pili: kuridhika upesi

Tulirudia hesabu zote pamoja na mwanachuo kwa kutumia majedwali ya watoto. Safari hii karibu darasa zima liliangukia katika hali ya kawaida. Mwanachuo alishusha pumzi, nasi tulikuwa tayari kufunga daftari. Hapo ndipo mwalimu mwenyeji wa darasa alipotaja jambo moja. Alisema kwamba mvulana mdogo anayekaa dawati la mbele, ambaye kila mtu alimdhania kuwa wa miaka 9, kwa mujibu wa kadi yake ya kliniki alikuwa ametimiza miaka 12.

Mvulana huyo alikuwa na kilo 30 na urefu wa sentimita 131. Tuhesabu:

1.31 × 1.31 = 1.7161
30 ÷ 1.7161 = 17.5

Kima cha katikati kwa mvulana wa miaka 12 ni hicho hicho 17.5. Kwa kipimo hiki hakuna mtoto aliyekuwa sawa kumpita yeye. Lakini mvulana wa wastani katika majedwali hayo hufikia sentimita 131 kabla ya kutimiza miaka 9. Akiwa na miaka 12 huwa na sentimita 149 hivi, na mpaka wa chini ambao mtoto akiwa chini yake huhesabiwa kuwa amedumaa ni takriban sentimita 135.

Sasa tumlinganishe na mvulana mwingine wa miaka 12, mwenye sentimita 149 na kilo 39:

1.49 × 1.49 = 2.2201
39 ÷ 2.2201 = 17.6

Wavulana wawili wanaopishana urefu kwa sentimita 18 wanapata namba zinazokaribia kuwa moja. Sababu ni dhahiri. Uwiano huu hulinganisha uzito na urefu. Haulinganishi urefu na umri. Mtoto aliyedumaa mara nyingi ana uzito unaolingana na ufupi wake, kama ule mmea mfupi ambao shina lake linalingana na kimo chake. Kipimo kinamwona kuwa sawa kwa sababu hakikuulizwa siku yake ya kuzaliwa.

Jambo hili lingekuwa dogo mahali ambapo udumavu ni nadra. Katika Nyanda za Juu Kusini si dogo hata kidogo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Katika mkoa wa Iringa walikuwa 57 katika kila 100, kiasi kikubwa kupita mikoa yote. Mikoa hii ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya nchi kwa mahindi. Rungwe ina ndizi, maziwa na maparachichi, Mbarali na Kyela zina mpunga, na viazi havikosekani katika masoko ya Mbeya. Ghala limejaa, na mtoto amedumaa.

Tena, panapodumaa wengi, aliyedumaa haonekani. Mwalimu huzoea kimo cha watoto wa kijiji chake akakifanya kuwa kawaida. Mvulana wetu wa dawati la mbele alikuwa ameulizwa maswali mepesi na kupewa kazi za watoto wadogo kwa muda mrefu, kwa sababu tu macho ya walimu yalimpunguzia miaka mitatu. Udhalimu huo tuliutenda sisi watu wazima, bila nia mbaya, kwa kutouliza umri.

Fundisho kutoka vijiji vya Iringa

Haifai mwanachuo adhani kwamba kupima watoto ni jambo geni lililoletwa na vitabu vipya. Mnamo miaka ya 1980 mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumlisha pia eneo ambalo tangu 2012 ni mkoa wa Njombe, ulikuwa mfano uliosomwa na nchi nyingi. Mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983 kwa ushirikiano wa Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha kutoka Italia, ulianzia katika vijiji 168. Watoto wadogo walipimwa uzito katika siku za afya za kijiji, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji na viongozi wao.

Utaratibu wao ulikuwa na hatua tatu: kupima hali, kuchambua sababu, na kuchukua hatua, kisha kupima tena. Walipochambua waligundua kwamba chakula peke yake si jibu. Mtoto huhitaji chakula, huduma za afya, na malezi. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havitoshi. Mama akishinda shambani, mtoto akaachiwa uji mwepesi wa mahindi mara mbili kwa siku, gunia lililoko darini halimsaidii. Kati ya 1984 na 1988, kiasi cha watoto wenye uzito pungufu sana katika vijiji vile vya kwanza kilishuka kutoka takriban 6 katika kila 100 hadi chini ya 2.

Mizani ilikuwapo, lakini mizani haikumponya mtoto. Kilichosaidia ni mazungumzo yaliyofuata baada ya kupima. Shule inayopima na kubandika orodha ukutani imefanya hatua ya kwanza tu, tena imeifanya vibaya.

Namna ya kupima

1. Umri. Pata tarehe ya kuzaliwa kutoka cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Usikadirie kwa macho.

2. Urefu. Mtoto avue viatu na kofia. Asimame wima ukutani, visigino, makalio na mabega yakigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Weka ubao bapa kichwani ukiwa umenyooka, kisha soma. Pima mara mbili. Kosa la sentimita 2 tu kwa yule mvulana wa sentimita 131 lingeubadili uwiano wake kutoka 17.5 kuwa 17.0.

3. Uzito. Mizani ikae juu ya sakafu ngumu na iliyo sawa, si juu ya udongo. Asubuhi za Mbeya na Makete ni za baridi, na watoto huvaa masweta mawili, yavuliwe. Ili kuihakiki mizani, pima ndoo tupu, kisha itie lita 10 za maji: uzito hauna budi kuongezeka kwa kilo 10.

4. Faragha. Apimwe mtoto mmoja mmoja, na namba isitamkwe kwa sauti. Daftari likae kwa mwalimu.

5. Hesabu mbili. Tazama urefu kwa umri kwanza, kisha uwiano wa uzito na urefu kwa umri. Usifanye la pili ukaacha la kwanza.

6. Kurudia. Kipimo kimoja ni picha ya siku moja. Wapo watoto wanaochelewa kubalehe, na wapo wanaotoka katika koo za watu wafupi. Pima tena baada ya miezi sita uone kama mtoto anasonga mbele.

Kulifundisha somo hili darasani

Tunashauri kwamba miili ya wanafunzi isigeuzwe kuwa mfano ubaoni. Somo laweza kufundishwa vizuri kwa njia ifuatayo.

Kwanza, wanafunzi wapande mahindi na maharage katika shamba la shule kwa tarehe mbili zinazotofautiana kwa majuma matatu. Wapime urefu wa mimea kila juma na kuchora grafu. Baada ya mwezi, mwalimu aulize: "Mmea huu mfupi, je, umedumaa au ni mchanga?" Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba bila tarehe ya kupanda swali halijibiki.

Pili, katika kipindi cha hesabu, mwalimu awape watoto wa kubuni, Mtoto A, B na C, pamoja na umri, uzito na urefu wao. Wanafunzi wafanye mazoezi ya desimali, kipeo cha pili na kugawanya. Kisha walinganishe majibu na jedwali.

Tatu, katika somo la afya, darasa lijadili chakula cha kawaida cha siku moja nyumbani: ugali, kande, viazi, mboga za majani, maharage, dagaa, maziwa, matunda. Swali lisiwe "Nani anakula vibaya?" bali "Tuna nini kijijini ambacho hatumpi mtoto?" Katika shule za mjini jadilini pia soda, chipsi na kukaa bila kucheza, maana mtoto mwenye uzito uliozidi naye anastahili kusaidiwa bila kudhihakiwa.

Baada ya kupima

Mtoto aliye chini ya mpaka wa wembamba, au aliye mfupi mno kwa umri wake, au aliyevuka mpaka wa unene uliokithiri, mzazi wake aitwe kwa heshima na kuelekezwa zahanati au kwa ofisa lishe wa wilaya. Mwalimu si mganga, na jedwali halitaji ugonjwa. Kamati ya shule nayo ielezwe hali ya darasa kwa jumla, bila majina, ili ijadili uji au chakula cha mchana, maji safi na vyoo.

Mwalimu asiahidi yasiyowezekana. Sehemu kubwa ya udumavu hutokea tangu ujauzito hadi mtoto atimizapo miaka miwili, na mvulana wa miaka 12 hawezi kurudishiwa miaka hiyo. Tena, kumjaza ugali mtoto mfupi ili anenepe kwaweza kumwongezea uzito bila kumwongezea kimo. Lakini lipo ambalo shule inaliweza. Inaweza kumtendea mtoto kwa umri wake, na inaweza kuwafundisha wasichana na wavulana walio darasani leo mambo watakayoyahitaji watakapokuwa wazazi.

Yule mvulana wa dawati la mbele, mara ya mwisho tulipopita shuleni hapo, alikuwa kiongozi wa kikundi cha hesabu, akiwasahihisha wenzake waliompita kimo kwa kichwa kizima. Urefu wake haukuwa umebadilika sana. Kilichobadilika ni maswali aliyokuwa akiulizwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Msichana wa miaka 12 ana urefu wa sentimita 140 na kilo 35. Kokotoa uwiano wake na utoe maoni. Ni taarifa gani nyingine ungependa kuipata kabla ya kusema neno lolote kwa mzazi wake?

2. Kwa nini mkoa wenye mavuno mengi waweza kuwa na watoto wengi waliodumaa? Tumia mambo matatu: chakula, huduma za afya na malezi.

3. Andika andalio la kipindi kimoja cha hesabu kinachotumia uwiano huu bila kumpima mwanafunzi yeyote darasani.